Mbona Watu Wamejaa Mjini na Kusini Kuko Wazi?

SUALI: Asalam alaykum mjomba, mie msomaji wako wa Wete, Pemba. Nilikwenda Makunduchi, kusini ya Unguja, nikaona njia nzima msitu tu, halafu mjini watu hawana pa kukanyaga. Kwa nini hawahamii kule kwenye nafasi?

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu, suali zuri na wengi wanalijibu vibaya, wanasema watu wa mjini hawataki kulima tu, sio hivo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Mjini Magharibi peke yake 893,169, Kusini Unguja 195,873, na huo mkoa wa Kusini eneo lake ni zaidi ya mara tatu ya Mjini Magharibi!

Sasa angalia chini ya miguu. Upande wa mashariki na kusini ya Unguja ni maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo kwenye mianya, mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja, mito hakuna, visima vya pwani vingine maji yake ya chumvi, ukilima unapata kunde na mtama halafu unaiacha ardhi ipumzike miaka. Ndo maana vijiji vyenyewe, Jambiani, Paje, vimejipanga pwani, watu wanaishi kwa bahari. Na ule msitu ulouona Jozani ni hifadhi, hapajengwi.

Magharibi ndo kwenye udongo mzito na chemchem kama za Mwanyanya na Bububu, na bandari iko huko huko. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat karne ya 19 mambo yakazidi, biashara, baadae ofisi, skuli, hospitali ya Mnazi Mmoja, basi kijana wa Kizimkazi akitafuta kazi anapanda daladala anakuja mjini, na akishapata chumba Fuoni au Tomondo harudi tena.

Kwenu Pemba ushahidi uko wazi: ardhi nyingi ina rutuba, mikarafuu juu ya vilima, mpunga mabondeni, kwa hivo watu 543,441 wametawanyika vijijini kote, hawakurundikana mji wa Chake Chake peke yake.

Mie naona kosa kuwaambia watu "hamieni kwenye nafasi" bila ya maji na kazi. Chuo kikuu cha Zanzibar cha serikali, SUZA, kilipopelekwa Tunguu, huko huko Kusini, nyumba zikaanza kufuata njia ile, hakuna alolazimishwa.