Bei "ilikua" au "ilikuwa"?

Swali: Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Newala. Nilibandika tangazo: "Mnada wa jana bei ya korosho ilikua nzuri." Mzee mmoja akanisahihisha, akasema ni "ilikuwa". Mbona nikitamka sisikii tofauti?

Jibu: Mzee ana haki, ndugu yangu, na masikio yako nayo hayana kosa.

Sauti w na y huitwa viyeyusho, au nusu irabu. Tamka u polepole: midomo inaviringana, nyuma ya ulimi inainuka kuelekea kaakaa laini. Tamka w: mkao ni karibu uleule, na hewa inapita bila kuzuiwa. Kinachozitenga ni kazi. U hubeba silabi. W haikai, huteleza papo hapo kwenda kwenye irabu inayofuata. Kwa hiyo "kua" ina silabi mbili, "kwa" ina moja. Y na i ni vivyo hivyo.

Sasa, u ikifuatwa na a, midomo hutoka kwenye mviringo ikafunguka, na hapo w nyepesi hujizalisha yenyewe. Sikiliza watu wa kusini wanavyotaja Ruangwa: kati ya u na a utaisikia w hafifu isiyoandikwa, kisha mwishoni, kwenye -ngwa, w kamili. Ndivyo ilivyo katika "maua" na "chukua". Kwa hiyo "ilikua" na "ilikuwa" hufika sikioni karibu sawa: silabi nne nne, mkazo palepale kwenye ku.

Sikio likishindwa, kiulize kitenzi. Tia -ki-. Utasema "bei ikiwa nzuri". Hakuna asemaye "bei ikikua nzuri". Shina la "kuwa" ni -wa, na ile ku- huanguka: ikiwa, iwe. Shina la "kua", yaani kuongezeka kimo au umri, lina ku yake isiyong'oka: mkorosho ukikua, ukue. Ukanushi nao huzitenga vizuri sana: bei haikuwa nzuri, mkorosho haukukua.

Basi andika "bei ilikuwa nzuri". Kama ulitaka kusema imezidi ile ya mnada uliotangulia, neno la sokoni ni "imepanda".

Ila usianze kupachika w kila mahali. "Mikorosho imekua" ni sahihi, na "mikorosho imekuwa mirefu" ni sahihi pia, kwa kuwa hapo "mirefu" ni sifa, na kitenzi kinachoibeba ni "kuwa".