Mwalimu mkuu analipwa kwa kiti au kwa daraja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mke wangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali hapa Pasua, Moshi. Wanafunzi wamepita elfu moja. Juzi amegundua kuwa mwalimu aliye chini yake anamzidi mshahara. Halmashauri imekosea? – Baba Neema

JIBU: Marahaba, Baba Neema. Hakuna aliyekosea. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu miaka tisa huko Tengeru, na mwalimu wangu wa darasa la pili alinizidi mshahara miaka yote hiyo.

Serikali haina mshahara wa ualimu mkuu. Ina mshahara wa mwalimu, nao unafuata TGTS, yaani ngazi za mishahara ya walimu wa serikali: mwenye cheti huanzia B, stashahada C, shahada D, halafu unapanda madaraja kadiri unavyotumikia. Huyo mwalimu ama alitangulia kuajiriwa, ama alikwenda kusoma akabadilishiwa muundo, yaani akahamishiwa ngazi ya elimu yake mpya.

Kinachomtofautisha mama Neema ni posho ya madaraka, Sh 200,000 kwa mwezi. Mkuu wa sekondari hupata 250,000. Posho hiyo haihesabu watoto. Mwenye wanafunzi 150 kule Longido na mkeo mwenye elfu moja wanapokea sawa, na jambo hili linaniuma hadi leo. Nakumbuka jioni moja maji yamekatika, niko peke yangu ofisini na stakabadhi za fundi wa vyoo, wazazi wawili wananisubiri mlangoni, na simu ya afisa elimu kata anataka takwimu kabla ya saa moja. Shule ndogo haikupi jioni za namna hiyo kila wiki.

Tena posho haiingii kwenye hesabu ya pensheni, na akivuliwa madaraka inakoma. Kinachobaki naye ni daraja, kwa hiyo alifuatilie hilo. Achukue barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na ya daraja la mwisho, aende ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya, kisha kwa afisa utumishi, alinganishe na hati yake ya mshahara. Barua yangu mimi ya kupanda daraja ilikaa ndani ya faili miaka miwili. Niliikuta siku niliyokwenda kuulizia likizo.