Kuwinda na kuvua Nunavut mwezi wa nane: jiandae kungoja

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Uko Toronto, umeshalipia siku saba na mwongozaji kule Nunavut, kaskazini kabisa mwa Canada, mwisho wa Agosti, uwinde umingmak (muskox, mnyama mkubwa wa nywele ndefu) na uvue samaki aitwaye chari, unauliza ujiandae vipi, na muuza duka amekutisha kwamba bila koti la dola 900 hutarudi hai. Wengine waliokujibu karibu wote wameongelea baridi. Mimi nilikwenda Cambridge Bay, kijiji cha Nunavut kilichoko kisiwa cha Victoria, Agosti ya 2022 na baridi haikunisumbua sana. Kilichonitesa ni maji, upepo na kungoja. Katika siku saba nilizolipia, mbili na nusu niliziishia ndani ya hema nikisikiliza turubai likichapwa.

Tuanze na makaratasi, maana hayo ndiyo yanayokwamisha watu kabla hata hawajafika uwanja wa ndege. Kama unataka kubeba bunduki yako na huna PAL, yaani leseni ya Canada ya kumiliki bunduki, pengine umeshachelewa. Kuna kozi ya usalama, kuna mtihani, ndipo unatuma maombi, na anayeomba mara ya kwanza ana siku 28 za lazima za kungoja. Mimi nilianza Januari. Kwa wale wa Dar na Nairobi waliouliza kama na wao wanaweza kuja: mbali na viza, mgeni anayeingia na bunduki anajaza fomu ya tamko mpakani, ada dola 25, inadumu siku 60. Lakini rahisi kuliko yote ni kutumia bunduki ya mwongozaji akiwa ubavuni mwako. Kwa mtazamo wangu hata wewe uliyeko hapa Canada ulifikirie hilo. Ukibeba yako, iwe tupu, kwenye kasha gumu lenye kufuli, na risasi zisizidi kilo 5 kwenye mzigo unaokabidhi. Dawa ya kupulizia dubu na mitungi ya gesi ya jiko haviruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si mkononi si kwenye mzigo. Mimi nilinyang'anywa dawa yangu pale uwanja wa ndege wa Edmonton, mpya, hata plastiki sijaitoa.

Jambo jingine wengi hawalijui: Nunavut ni eneo linalojitawala kwa mambo yake tangu 1999, na sisi wa mikoa mingine tukifika kule tunahesabika wageni. Mnyama mkubwa huwindi bila mwongozaji mwenye leseni. Leseni ya kuwinda, kibali cha mnyama mmoja mmoja na leseni ya kuvua ni vitu vitatu tofauti. Muulize mwongozaji wako kwa maandishi kipi kimo kwenye bei na kipi hakimo. Mimi sikuuliza, nikatoa pesa mfukoni nikiwa nimeshafika.

Sasa nguo. Lile koti la dola 900 liache dukani. Mwisho wa Agosti kule ni nyuzi chache juu ya sifuri, usiku maji ya ndoo yanashika utando wa barafu, na siku moja theluji ilianguka kisha ikayeyuka kabla ya adhuhuri. Ni baridi ya kawaida kwa mtu aliyekwisha maliza majira ya baridi mawili Canada. Tatizo ni kwamba hakuna mti. Kisiwa kizima cha Victoria, kikubwa karibu mara nne ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa, hakina mti hata mmoja wa kujikinga, na upepo unatoka baharini unakupata popote ulipo. Kwa hiyo unachohitaji ni koti la mvua na suruali yake, vya kweli, si vile vyembamba vya kukimbilia. Ndani yake nguo za sufu, na juu ya sufu sweta nzito. Pamba usibebe hata soksi. Mimi nilivaa jinzi siku ya boti kwa sababu jua lilikuwa limetoka. Wimbi moja likaingia mbele, jinzi ikalowa mapaja yote, na haikukauka mpaka nimerudi Edmonton. Niliifunga kwenye mfuko ikiwa inanuka.

Buti nunua namba moja zaidi ya kawaida yako. Niliambiwa hivyo, nikaona wanazidisha. Nikavaa soksi mbili ndani ya buti zinazonikaa sawasawa, damu haikupita, na vidole vikafa ganzi saa nzima ya kwanza. Mwongozaji wangu, mzee wa Kiinuit, wenyeji wa kule, mwenye maneno machache, alitazama miguu yangu akasema, "Vua soksi moja." Nikavua, vidole vikapata joto.

Halafu jizoeze kwenda juu ya ardhi mbaya. Tundra, ile ardhi ya kaskazini isiyo na miti, kwenye picha inaonekana kama zulia. Ukiikanyaga ni vichuguu vya nyasi vinavyoyumba na kati yake maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Kule wanatembelea pikipiki za magurudumu manne, ambazo wote wanaziita Honda hata kama ni za kampuni nyingine, lakini hatua za mwisho ni za miguu yako. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nasimama kutwa kazini, nikadhani nimejiandaa. Mita mia nane za kwanza zilinitoa kamasi. Miezi miwili kabla, tafuta kilima chenye nyasi ndefu, uwe unakipanda na kukishuka na mkoba wa kilo 15 mgongoni.

Kuhusu umingmak mwenyewe. Jina hilo maana yake mwenye ndevu, na ukimwona utakubali. Sura ni ya nyati mdogo aliyevaa blanketi, ila kwa ukoo yuko karibu na mbuzi kuliko ng'ombe. Hakimbii kama pofu au nyumbu. Kundi likitishwa linakusanyika na kusimama duara, pembe nje, ndama ndani, na linakutazama. Kwa hiyo shabaha ya mbali si kitu. Kazi ni kungoja dume ajitenge, maana ukifyatua akiwa amebanana na majike risasi inaweza kupita hadi kwa mwingine. Tulilala kifudifudi kwenye changarawe karibu saa nzima na nusu. Mzee aliniambia jambo moja tu, "Lenga chini kuliko unavyodhani." Nywele na nundu vinamfanya aonekane mkubwa juu, kumbe moyo uko chini kabisa nyuma ya mguu wa mbele. Jizoeze kulenga ukiwa umelala, umevaa glavu, mapigo ya moyo yakiwa juu. Na bunduki usiingize hemani kwenye joto. Iache nje ndani ya mfuko wake, la sivyo darubini yake inafunga ukungu ukiingia nayo, kama miwani ya mtu aliyefungua sufuria.

Akianguka ndipo kazi inaanza. Dume mkubwa anafika kilo 300 na zaidi, na sheria ya Nunavut hairuhusu kuacha nyama inayolika ioze. Nyama yangu nyingi ilibaki kijijini, nami nikaona ni haki. Beba kisu kizuri na kinoo, na usione aibu kuingiza mikono. Mzee alinionyesha qiviut, sufu laini iliyo chini ya zile nywele ndefu, ukiishika hujui kama umeshika kitu. Ukitaka kutoka na pembe au ngozi, ulizia kibali cha kusafirisha mapema.

Uvuvi ndio ulionirudisha utotoni. Nimelelewa Kigombe, Tanga, nikivua mshipi na mjomba. Chari ni jamaa wa salmoni, na mwisho wa Agosti anarudi kutoka baharini kupanda mto Ekalluk kwenda ziwani kwa majira ya baridi. Anang'aa kama fedha, na wengine wameshaanza kuwa wekundu tumboni. Chambo bandia za vijiko vya chuma zenye rangi nyekundu au ya machungwa zilinifaa kuliko chambo nyingine zote ghali nilizonunua. Mzee alibinya kwa koleo ncha za ndani za ndoano zote ili samaki wa kurudisha mtoni asichanike, basi beba koleo lako. Na beba glavu mbili, maana ya kwanza italowa na mshipi wenye maji ya barafu unakata vidole. Pale kambini walikuwa wameanika chari waliopasuliwa na kukatwa mistari, wanamwita piffi. Nikamwambia mzee kwetu hii ni ng'onda. Akacheka, akarudia, "Ng'onda," kwa shida sana.

Kama unaswali, panga mapema. Wakati ule jua linazama, ila giza kamili halikuingia usiku wote, na isha kuijua kwa macho haiwezekani. Mimi nilifuata nyakati za swala za Edmonton.

Zile siku mbili na nusu za hemani ndizo ambazo hakuna aliyeniandaa. Ukungu ulishuka, boti haikutoka, na mimi nikawa nauliza kila nusu saa kama tutaondoka. Mzee hakukasirika. Alimimina chai, akaniwekea kipande cha mkate wa kukaanga, akaendelea kunoa kisu chake. Jioni ya siku ya pili niliacha kuuliza. Beba kitabu, betri za ziada (ulale nazo ndani ya begi la kulalia), dawa zako za siku kumi badala ya saba, na karata.

Na tiketi ya kurudi nunua inayobadilishika. Ukungu uleule ulikaa juu ya uwanja wa ndege siku nzima baada ya sisi kurudi mjini. Ya kwangu ilikuwa ya bei poa, haibadilishiki, na boksi la samaki lilikuwa limeshaanza kuvuja miguuni pangu.