Jibu: Skuta ya cc 110 kwa mtu wa Malindi

Dada yangu, umeuliza kama skuta ya cc 110 itakufaa kutoka Maweni hadi kazini Casuarina, na kama ni ngumu kwa aliyezoea pikipiki. Yangu iko wiki ya tatu sasa.

Kazi iko mkono wa kushoto. Skuta haina klachi. Pale pa klachi pana breki ya nyuma. Siku ya kwanza nilipofika kwenye matuta, vidole vikaminya vyenyewe kama vilivyozoea. Tairi la nyuma likalia, madafu yangu manne yakaviringika barabarani. Vijana wa bodaboda walicheka kwanza, kisha ndio wakaniokotea. Ukishauzoea mkono huo, ni raha tupu: unavuta mafuta, inakwenda, mambo ya gia huyawazi tena. Mke wangu akiiendesha dera halimsumbui, maana miguu inakaa mbele, na hapo hapo pana nafasi ya mfuko wa unga.

Kwenye lami na kabro, safi. Mchangani ni habari nyingine. Magurudumu ni madogo, la mbele linazama na usukani unataka kukupokonya. Mimi hushuka nikaisukuma, wanaotaka kucheka wacheke. Nikipakia mtu kwenda Gede inavuta, ila kupita lori sijaribu.

Ukikaa karibu na bahari, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, chumvi inakula boliti. Wanunua mpya au ya mkononi? Kama ya mkononi, fundi afungue aone ukanda unaozungusha gurudumu la nyuma kabla hujatoa pesa.