Kumchagulia binti jina la Kicheki: maana, matamshi na matakwa ya sheria

Mswahili anayejaliwa binti na mwenzi wa Kicheki, kama nilivyojaliwa mimi, mzaliwa wa Tanga ninayeishi Brno, mji wa Ucheki, kwa kawaida huanza kwa kutafuta orodha ya majina na maana zake. Orodha hizo ni nyingi, ila nyingi kati yake huchanganya majina ya aina mbili ambayo Wacheki wenyewe huyasikia kwa namna tofauti kabisa. Ushauri wangu wa kwanza ni kuyatenga makundi hayo mawili kabla moyo haujaangukia jina lolote.

Kundi la kwanza ni la majina yaliyoingia pamoja na Ukristo: Eliška, Anna, Tereza, Kateřina, Barbora, Anežka. Maana zake zimo katika Kiebrania, Kigiriki au Kilatini, si katika Kicheki. Eliška ni umbo la Kicheki la Elisabeti, lenye maana ya "Mungu wangu ni kiapo", lakini mama wa Kicheki anapomwita bintiye Eliška hafikirii kiapo hata kidogo. Anachosikia ni historia. Eliška Přemyslovna ndiye aliyemzaa mfalme Karel IV, na Anežka, jina litokanalo na neno la Kigiriki la usafi, lilikuwa la binti mfalme wa karne ya 13 aliyekataa posa za wakubwa wa Ulaya akaanzisha hospitali na nyumba ya watawa mjini Praha. Alitangazwa mtakatifu tarehe 12 Novemba 1989, siku 5 tu kabla ya maandamano yaliyoanza kuung'oa utawala wa kikomunisti, na wazee wengi hapa bado huyataja mambo hayo mawili kwa pamoja.

Kundi la pili ni la majina ya Kislavi, nalo ndilo ninalowaomba wazazi wenzangu walitazame kwa makini, kwa sababu linakaribiana mno na desturi yetu ya kumpa mtoto jina ambalo kila anayelisikia anaelewa linasema nini. Sisi tuna Imani, Tumaini, Maua na Zawadi. Wacheki wana Věra, ambalo ndani yake husikika neno lao la imani. Wana Naděžda, lenye tumaini. Wana Květa, lililotoka kwenye neno la ua. Wana Růžena, la waridi. Wana Zora, yaani mapambazuko. Na wana Bohdana, aliyetolewa na Mungu. Kisha yapo majina ya kuunganisha maneno mawili, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu zaidi. Sehemu ya mwisho -mila humaanisha mpendwa, hivyo Ludmila ni mpendwa wa watu, na Bohumila ni mpendwa wa Mungu. Sehemu ya -slava hubeba utukufu na sifa njema, kama katika Květoslava, ambamo ua na utukufu vimekaa pamoja. Ukishazifahamu sehemu chache za namna hii, utaweza kuyafumbua majina kadhaa peke yako bila kutegemea orodha ya mtu.

Hata hivyo, maana nzuri haitoshi, kwa kuwa jina lina umri wake. Wakati nilipokuwa mjamzito nilivutiwa sana na Božena, jina lenye neno Mungu ndani yake, hasa baada ya kusoma kwamba mwandishi Božena Němcová, yule ambaye sura yake imo kwenye noti ya koruna 500, alibatizwa Barbora na baadaye akajichagulia Božena kwa mapenzi ya lugha yake, katika karne ya 19 ambapo Wacheki walikuwa wakiihuisha lugha yao ndani ya dola iliyotawaliwa kwa Kijerumani. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba hilo ni jina la rika la mama yake. Ndivyo ilivyo kwa Libuše, Růžena, Květa na Jarmila pia. Kijana wa leo akiyasikia humfikiria bibi, huku chekechea zikijaa akina Eliška, Tereza, Natálie na Ema. Mimi siamini kwamba hiyo ni sababu ya kuyakimbia. Ludmila, kwa mfano, ni jina la mtakatifu aliyeuawa mwaka 921, bibi yake Václav, mtakatifu msimamizi wa nchi ya Wacheki, na limevuka karne zote hizo. Lakini ni haki ya mzazi kujua mapema jinsi jina litakavyopokewa uwanjani watoto wanapocheza.

Baada ya hapo, litamkeni jina kwa sauti, kwa sababu bibi wa Tanga naye atalitamka. Kicheki hutilia mkazo silabi ya kwanza daima, na Kiswahili hutilia ile ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo jina la silabi mbili hutamkwa kwa mkazo ule ule pande zote mbili, lakini Ludmila litakuwa LUD-mila kwa bibi mmoja na lud-MI-la kwa mwingine. Herufi j husomwa kama y yetu, na š ni sh. Sauti ya ř iliyomo katika Kateřina ni ngumu hata kwa baadhi ya watoto wa Kicheki, sembuse sisi. Anežka, linaloonekana la kutisha likiandikwa, kwa kweli hutamkwa "Aneshka", na Věra hutamkwa "Vyera", kwa vy ile ile ya vyema na vyeti. Yapo pia majina yanayosikika vibaya kwetu bila kosa la mtu yeyote: Hana ni jina zuri na la kawaida hapa, lakini sikutaka mwanangu aitwe hivyo mbele ya watu wa Tanga.

Tulichagua Věra Imani. Mume wangu alilipendekeza Věra kwa heshima ya Věra Čáslavská, mwanasarakasi wa viungo aliyetwaa medali 7 za dhahabu katika Olimpiki za Tokyo 1964 na Mexico 1968, ambaye huko Mexico aligeuza uso pembeni wimbo wa Taifa wa Sovieti ulipopigwa, miezi michache baada ya nchi yake kuvamiwa na majeshi yaliyoongozwa na Wasovieti. Mimi niliongeza Imani ili mtoto awe na maana moja katika lugha zake zote mbili.

Kuhusu sheria, jueni kwamba Ucheki huruhusu raia majina mawili, na ofisi ya usajili, iitwayo matrika, haiandikishi jina lililoharibiwa umbo, jina la kiume kwa msichana, wala jina ambalo tayari linatumiwa na ndugu yake aliye hai wa baba na mama wale wale. Kwa jina la kigeni wanalolitilia shaka, wanaweza kudai hati ya mtaalamu. Kwa Imani tuliombwa hati hiyo, kwa kuwa karani hakuweza kujua kama ni la kike. Iandaeni kabla ya kujifungua, pamoja na fomu ya majina ambayo wazazi wote wawili huisaini. Kuhusu jina la ukoo, tangu Januari 2022 si lazima tena la binti limalizike kwa -ová, mwisho wa kawaida wa majina ya ukoo ya wanawake; wazazi wanaweza kuchagua umbo lisilo na mwisho huo.

Fikirieni pia kalenda. Karibu kila siku ya mwaka hapa ina jina lake, na mwenye jina hilo hupongezwa, aghalabu kwa maua au chokoleti: Věra ni tarehe 8 Oktoba, Ludmila 16 Septemba, Barbora 4 Desemba. Mtoto ambaye majina yake yote ni ya kigeni huikosa siku hiyo, na watoto huliona hilo mapema.

Mwisho, andikeni jina bila alama zake mlitazame. Mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine haina alama hizo, hivyo Věra huwa VERA na Květa huwa KVETA. Chagueni jina ambalo mtaridhika nalo kwa maandishi yote mawili, na mwendelee kuliandika kwa namna moja katika kila fomu ya Kitanzania mtakayoijaza.