Wingu la mvua si jeusi

Msimu wangu wa kwanza wa kuchora nje, huku vijijini Dodoma, niliharibu hadibodi nyingi kwa kosa moja: nikiona wingu zito limetanda, mkono unakimbilia rangi nyeusi. Mbingu ikatoka bapa, kama masizi kwenye sufuria.

Wewe unayeanza, kabla hujashika brashi finya macho, ulinganishe wingu na ardhi. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na nyingi hujikusanya alasiri. Wingu likiwa mashariki na jua bado lipo magharibi, nyasi na mashamba ya mtama hung'aa kuliko mbingu. Mwanga huo wa chini ndio unaolitia wingu kiza. Ukilipaka shamba kijani kizito, hata wingu ulimwagie wino halitamtisha mtu.

Mimi huchanganya buluu ya ultramarini na kahawia ya siena, kisha nyeupe kidogo kidogo. Kahawia ikizidi kidogo, unapata ule wekundu wa vumbi linalotangulia mvua. Usiuogope, ndio rangi ya kwetu.

Kisha chagua umbo moja la wingu, ulishike. Ndani ya dakika 10 litakuwa limegeuka. Usilifukuze, anza kibao kingine kidogo. John Constable, Mwingereza aliyechora mawingu ya Hampstead mwaka 1821 na 1822, alitumia rangi ya mafuta juu ya karatasi ndogo, na nyuma yake akaandika tarehe, saa na upepo. Nimeiga hilo, nami naongeza: mvua ilifika baada ya muda gani?

Mvua ya mbali usiichore kwa mistari. Pangusa rangi mbichi kwa brashi kavu kwenda chini, ukifuata mlalo wa upepo.

Umeme ukimulika, hesabu sekunde hadi usikie radi. Sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, acha kazi, ingia ndani ya nyumba au gari. Usijibanze chini ya mbuyu uliosimama peke yake, na stendi ya chuma iache hapo hapo. Picha pia iache. Rangi ya mafuta haiogopi matone. Moja ililala uwandani usiku kucha, asubuhi nikaikuta ina chembe za mchanga penye wingu. Sikuzitoa.