Unalima mboga mjini kwa ajili ya tabianchi? Anza na ndoo ya maganda

Huu mwaka wa nne nalima mboga kibarazani bila dawa wala mbolea ya viwandani, na watu wananiuliza sana, hivi kweli inasaidia tabianchi au najifurahisha tu? Inasaidia, ila sio pale wengi mnapodhani.

Wengi tunawaza umbali, kwamba mboga ikitoka hapo mlangoni basi tumeokoa mafuta ya lori. Sawa, lakini kwa vyakula vingi usafiri ni sehemu ndogo tu ya gesi joto zake, yaani gesi zinazopasha dunia joto (ukiacha vile vinavyopandishwa ndege, hivyo ni balaa). Shida kubwa iko shambani kwenyewe na jaani. Mbolea ya chumvichumvi inatengenezwa kwa gesi asilia na joto kali mno, halafu ukiimwaga kuliko mmea unavyoweza kula, vijidudu vya udongo vinageuza sehemu yake kuwa gesi ya naitrasi oksaidi, na kilo moja ya hiyo inapasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Samadi nayo ukizidisha ni yaleyale, kwa hiyo usijiachie eti kwa sababu ni ya asili, pima.

Mi nilikosea mwanzoni. Nilinunua makopo mapya ya plastiki, nikajengea na tuta kwa saruji, msimu uliofuata nikabomoa maana lilikaa kivulini, yaani vitu vilivyoshachafua hewa kiwandani nikavitumia miezi michache tu nikatupa. Iliniuma sana. Siku hizi napanda kwenye ndoo zilizopasuka na madumu yaliyokatwa na mboga zinastawi vilevile.

Lakini kama una nguvu ya jambo moja tu, tengeneza mboji. Maganda yakifukiwa jaani yanakosa hewa yanatoa methani, gesi joto nyingine kali, nyumbani yakipata hewa yanatoa kidogo sana, tena unapata mbolea ya bure. Rundo langu la kwanza lilinuka hadi jirani akaja kugonga, kumbe niliweka maganda mabichi matupu na sikuwahi kuligeuza, nikawa nimejitengenezea jaa dogo nyumbani. Kila ndoo ya maganda weka mbili au tatu za majani makavu au maboksi yaliyochanwachanwa, geuza kila wiki, ukiyafinya mkononi yawe na unyevu lakini yasichuruzike maji. Harufu ikirudi ongeza makavu, geuza siku hiyohiyo.